Redio Mbovu na Hoja ya Roho

Ipo hoja inayopendwa sana kwenye mahubiri, mawaidha na mabishano ya wanafunzi wa falsafa: ubongo ni redio, roho ni matangazo. Redio ikiharibika, mtangazaji hajafa. Yuko studio anaendelea kusoma taarifa ya habari. Kwa hiyo, wanasema, mtu akipigwa na kiharusi akapoteza maneno, au uzee ukamfuta kumbukumbu, kilichoharibika ni chombo tu na mwenyewe yu mzima. Hoja hii ina ukoo mkubwa. William James, mwanafalsafa wa Marekani, aliitetea kwa sura nyingine katika kitabu chake kuhusu kutokufa kwa binadamu, kilichotoka mwaka 1898: huenda ubongo hauzalishi fahamu bali unaipitisha, kama kioo cha rangi kinavyopitisha mwanga. Naiheshimu hoja hiyo. Ila nadhani wengi wanaoitumia leo hawajamsikiliza fundi wa redio za magari, naye ndiye anayejua ubovu unathibitisha nini na hauthibitishi nini.

Mchukue mtu aliyeagiza gari lililotumika kutoka Japani. Analitoa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, anawasha redio, anapata mkwaruzo mtupu. Pengine antena imeota kutu pale inaposhikana na bodi. Pengine redio ilibadilishwa, na waya unaopeleka umeme kwenye kikuza mawimbi cha antena ukaachwa ukining'inia. Mluzi unaopanda kila anapokanyaga mafuta mara nyingi hutoka kwenye alternata, na injini ikizimwa huku redio ikiwaka, unatoweka. Au hakuna kibovu hata kimoja: redio nyingi za Kijapani zilitengenezwa kunasa FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vyetu vimetapakaa mpaka 108, hivyo redio nzima na kituo kilicho hewani havikutani mpaka kifungwe kifaa kidogo cha kushusha masafa. Angalia sasa fundi anavyofikia jibu. Anakwenda kwenye gari la jirani, anatafuta kituo kilekile. Kikisikika kule, kosa liko huku. Kisiposikika kokote, mtambo wa kurushia umezimika, au kilima kimewakinga wote. Anajua matangazo yako nje ya redio kwa sababu redio ya pili inayanasa. Ubovu wa ile ya kwanza, peke yake, haumwambii lolote kuhusu matangazo yanakotoka.

Kwa upande wa akili, gari la jirani halipo. Mawazo yangu hayanaswi na kichwa cha mtu mwingine ili tulinganishe, wala hakuna aliyewahi kwenda studio akarudi na taarifa inayoweza kukaguliwa. Hili linawakata wote wawili. Anayesema kwamba ubongo ukiumia akili inaumia, basi ubongo ndio unaoitengeneza, amekimbilia jibu. Hapo James alikuwa sahihi. Lakini mhubiri naye hajathibitisha kitu. Ameonyesha tu kwamba jambo lake linawezekana, kisha akalitangaza kuwa ndivyo lilivyo.

Ukiniambia basi tuishie hapo, sare, nitakataa, kwa sababu fundi hutazama pia namna ya ubovu. Mawimbi hafifu huleta mkwaruzo, sauti hukatika. Hayamfanyi msomaji wa habari kuwa mtu katili. Yapo maradhi yanayofanana kweli na ubovu wa redio. Mgonjwa maarufu wa daktari Paul Broca, aliyefariki karibu na Paris mwaka 1861, alibakiwa na karibu silabi moja tu ya kutamka, huku akielewa mengi aliyoambiwa. Unaweza kusema spika ilikufa. Lakini maradhi ya kusinyaa kwa sehemu za mbele za ubongo yanaweza kumfanya mtu mpole asiye na makuu awe hana huruma wala haya, na akiulizwa haoni kilichobadilika. Hapo kilichoguswa si sauti ya mtangazaji. Ni mtangazaji mwenyewe.

Mtetezi hodari atajibu kwamba gari likisafiri mbali, masafa yaleyale hubeba kituo kingine, na msikilizaji asiyejua hudhani ni mtangazaji yuleyule amegeuka. Ni jibu la werevu, na ni ghali mno kwa mtu wa dini. Kama baada ya ugonjwa anasema mwingine, nani atahesabiwa kwa matendo yale? Fiqhi ya Kiislamu humwondolea mwendawazimu dhima, na haikuhitaji kudai kwamba roho ya pili imeingia ndani yake. Ilimwona kuwa ni mtu yuleyule aliyepungukiwa na akili. Hiyo ni tafsiri ngumu kuiingiza kwenye redio.

Wapo watakaoona kwamba namvua muumini nguo yake. Sivyo. Kurani, katika sura ya Al-Israa, inaliweka suala la roho kwa Mola na kuwakumbusha watu uchache wa elimu yao. Al-Qiyama inazungumzia mifupa itakayokusanywa, hadi ncha za vidole. Na Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anatetea kufufuliwa kwa mwili, ingawa mwili uliogeuzwa. Dini hizi mbili zimeahidi ufufuo. Redio kuukuu haifufuliwi ikiwa kazi yake ilikuwa kunasa tu. Mwenyewe hununua nyingine.

Inabaki hoja ya faraja, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Binti anayemuuguza mama aliyesahau jina lake anapumua kidogo akiambiwa mama halisi yuko salama mahali fulani. Sitamnyang'anya pumzi hiyo kwa ajili ya kushinda mjadala. Lakini faraja hiyo ina gharama: ikiwa mama halisi yuko kwingine, basi aliye kitandani amekuwa mkwaruzo, na hofu yake ya usiku, chakula anachokikataa na wimbo unaomchangamsha vinaanza kuchukuliwa kama kelele za chombo. Ndipo watu huanza kuzungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Muumini anaweza kumkabidhi mama yake kwa Mungu huku akiamini kwamba anayeogopa usiku huo ni mama yake huyohuyo, na kwamba ni yeye anayestahili kuulizwa kama anataka taa iwashwe.