Mungu Asiyeweza Kusema Hapana

Dada mmoja tunayecheza naye mchezo wa kuigiza wahusika mezani alimponya mateka. Mateka mwenyewe alikuwa askari wa adui aliyevunjika mbavu. Kuhani wa dada huyu akamwekea mkono, akaomba, jeraha likafunga. Msimamizi wa mchezo akainua macho kutoka kwenye daftari lake na kutangaza kwamba mungu amechukizwa: kuanzia usiku huo kuhani hana muujiza hata mmoja. Sababu hakutoa. Sote mezani tulijua kwamba mateka yule alipangiwa kufa ili hadithi ya msimamizi isiharibike. Dada akamalizia kikao akipiga watu kwa rungu, na tangu hapo hajaonekana.

Lililoniudhi zaidi ni dawa iliyopendekezwa baadaye. Wenzangu walisema kosa ni la kumpa mungu nafasi ya kukasirika. Tucheze kwa kitabu kipya cha kanuni, yaishe. Nikakifungua. Katika toleo la 2014 la Dungeons & Dragons, kuhani akifika ngazi ya 10 anaweza kumwita mungu wake aingilie kati. Anarusha dadu za kutoa namba kati ya 1 na 100, na mungu huitika tu namba ikiwa sawa na ngazi ya kuhani au chini yake. Yaani kwa kuhani wa ngazi ya 10, katika maombi mia, tisini yanaweza kurudi bila majibu. Toleo la 2024 limeziondoa dadu hizo. Kuhani anachagua muujiza wowote wa daraja la tano kwenda chini, na muujiza unatokea. Miaka kumi imetosha kumnyang'anya mungu uwezo wa kukataa.

Kuhani ni nani? Tukubaliane haraka: ni mtu anayesimama kati ya watu na mungu, akipeleka maneno ya hawa kwa yule na ya yule kwa hawa. Anayetaka maana ndefu zaidi atazipata katika vitabu vya dini, na sitashindana naye. Mimi nashika jambo moja tu, kwamba mtu wa kati anahitaji pande mbili, na kila upande uwe na hiari yake. Hiari ya upande mmoja ikifutwa, hapana tena wa kati. Anabaki mchawi aliyevaa kanzu.

Na kweli, kuhani wa michezo hii alizaliwa akiwa nusu mchawi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Minnesota nchini Marekani, Dave Arneson alikuwa akiendesha mchezo wake wa Blackmoor. Mchezaji mmoja alikuwa na mhusika mnyonya damu, Sir Fang, aliyewashinda wenzake wote nguvu. Ili kumpatia mpinzani akabuniwa kuhani, aliyechezwa na Mike Carr, kwa mfano wa wawinda wanyonya damu wa filamu za kutisha za Uingereza. Haja ya kwanza ilikuwa kumzuia mchezaji aliyezidi. Dini ilikuja baadaye. Mwaka 1974 Gary Gygax na Arneson walipotoa toleo la kwanza kabisa la mchezo ule ule wa 2014 na 2024, lilikuwa na aina tatu za wahusika: mpiganaji, mchawi na kuhani. Kuhani wa ngazi ya kwanza hakuwa na muujiza wowote, jambo ambalo mimi nalipenda mno. Alipoanza kuipata, baadhi ilitoka moja kwa moja katika habari za Musa: fimbo kugeuka nyoka, wadudu kuifunika nchi. Namna ya kuitumia, hata hivyo, ilikuwa ile ile ya mchawi, iliyoazimwa katika hadithi za Jack Vance za mwaka 1950: uiweke tayari kichwani, uitumie, iishe. Mwaka 1979 Gygax alijaribu kurekebisha. Akaandika kwamba miujiza midogo hutokana na imani ya kuhani, ya kati huletwa na watumishi wa mungu, na mikubwa hutolewa na mungu mwenyewe. Ni urasimu wa mbinguni, ndiyo, lakini angalau kulikuwa na mtu upande wa pili wa meza.

Wapo wanaosema mchezaji aliyekaa saa nne asinyimwe zamu yake kwa sababu ya dadu, na hao wana haki. Wapo wanaosema si kila meza inataka kuzungumzia dini, na hao pia wana haki.

Hoja inayonitoa pumzi ni nyingine, na siku ile niliisikia kwa mtu niliyedhani anasoma. Inakwenda hivi: katika dunia za mchezo miungu wanaonekana kwa macho. Wanapigana, wanazaa, makao yao yamechorwa kwenye ramani. Hakuna cha kuamini kwa sababu hakuna cha kutilia shaka. Basi imani haina kazi huko, na kuhani ni mtumishi wa idara anayestahili kupewa vitendea kazi vyake kwa wakati. Husemwa kwa tabasamu la mtu aliyefunga mjadala.

Huyu amechanganya kujua kwamba fulani yupo na kumtegemea. Iblis hakuwahi kuwa na shaka hata ya dakika moja kwamba Mungu yupo. Alisikia amri kwa masikio yake, akakataa kusujudu. Yunus alijua vizuri aliyemtuma, na ndiyo maana alipanda jahazi la kwenda upande mwingine. Kama kuonekana kunamaliza suala la imani, basi habari hizi mbili hazieleweki kabisa, na mtoto wa madrasa anazielewa.

Au twende kwa Wagiriki, ambao michezo hii imewachota sana. Katika utenzi wa Iliad, kitabu cha sita, wanawake wa Troya wanachukua vazi bora kuliko yote nyumbani kwa mfalme. Kuhani Theano anafungua milango ya hekalu, analiweka vazi magotini pa Athena na kuomba mkuki wa adui yao Diomedes uvunjike. Athena anakataa. Hakuna aliyekosea ibada wala aliyeshuku kama Athena yupo. Mungu wa kike yupo, anasikia, na hataki. Mwanzoni mwa utenzi huo huo kuhani mwingine, Chryses, anamwomba Apollo alipize kisasi kwa ajili ya binti yake, na mishale ya tauni inawanyeshea Wagiriki siku tisa. Msikilizaji anaogopa maombi ya Chryses kwa kuwa yanaweza kuitikiwa, na anashika roho kwa ya Theano kwa kuwa yanaweza kukataliwa. Kanuni ya 2024 haiwezi kumzaa Theano. Haiwezi pia kuzaa mlima Karmeli, ambako manabii 450 wa Baali waliita tangu asubuhi, na kimya kile ndicho kilichobeba kisa kizima.

Mwenzangu aling'ang'ania neno "mtumishi", basi tumfuate huko huko. Mwajiri yupo, ofisi ipo, bango lake linasomeka toka barabarani, na mshahara wa mwezi wa tatu haujaingia. Uwepo wake umemsaidia nini mfanyakazi anayesubiri? Nashuku hoja hii inatoka kwa watu waliokulia mahali ambapo swali kubwa la dini ni kama Mungu yupo au hayupo. Watu wengi katika historia hawakulala macho kwa swali hilo. Walikeshea mengine: je, amesikia? Yuko upande wetu? Anataka nini kwetu?

Nikishafika hapa huwa siwezi kupita bila kugusa Kartago. Anayetaka kuruka aruke. Toleo la nne la mchezo, la mwaka 2008, lilisema kuhani hupata uwezo kwa kuwekwa wakfu, na akishawekwa mungu hawezi kumpokonya. Wengi walicheka. Mimi niliwakumbuka Wadonatisti wa Afrika ya Kaskazini. Mateso ya Diocletian yalipoanza mwaka 303, baadhi ya viongozi wa Kanisa walikabidhi Maandiko yachomwe. Baadaye Caecilian akawekwa kuwa askofu wa Kartago, na kundi kubwa likasema aliyemweka, Felix, alikuwa mmoja wa waliokabidhi. Kwa hiyo mikono yake ilikuwa mitupu na uaskofu ule si kitu. Mtaguso wa Arles wa mwaka 314 haukuwakubalia, ila ugomvi haukwisha. Mwaka 411 mamia ya maaskofu wa pande zote mbili walikuwa bado wanabishana Kartago, Augustino wa Hippo akiwa kati yao. Jibu lake lilikuwa kwamba ubatizo ni wa Kristo, hata ukitolewa na mwovu.

Kwa hiyo wabunifu wa 2008 walisimama na Augustino, na msimamizi wetu ni Mdonatisti. Ila Augustino hakuwa akimlinda kuhani. Alimlinda aliyebatizwa, ili asilazimike kupekua moyo wa padri kabla ya kuingia majini. Kanuni zetu zimejaa haki za mchezaji mwenye kuhani, mgonjwa hatajwi. Nijuavyo, uliomkaribia ni mchezo wa Dungeon Crawl Classics, wa mwaka 2012, ambapo kuhani anayemponya mtu wa msimamo mwingine anaweza kuongeza ghadhabu ya mungu wake juu yake mwenyewe, na hupunguza ghadhabu hiyo kwa sadaka. Mgonjwa hapati sauti, lakini anahesabiwa. Mateka wetu hakuhesabiwa.

Turudi: nani aseme hapana kwa niaba ya mungu? Dadu hazina upendeleo, lakini hazina sababu, na kukataliwa bila sababu ni bahati mbaya tu. Msimamizi ana sababu. Ana pia hadithi yake ya kulinda. RuneQuest, wa mwaka 1978, uliandika wajibu wa madhehebu mapema, kila mtu akijua anachodaiwa, na hilo lingemwokoa dada yetu. Hata hivyo mungu aliyefungwa na mkataba anatulipa deni tu. Dogs in the Vineyard, wa mwaka 2004, uliwaachia wachezaji wenyewe kuhukumu nani katenda dhambi, na msimamizi akanyimwa kauli. Naupenda ujasiri huo, ingawa kuhani anayejihukumu mwenyewe hakosi kushinda kesi.

Nimezichanganya njia hizi mbili mbili na hakuna iliyoniridhisha. Ninachokataa ni kimoja tu: mungu afungwe mdomo kwa sababu msimamizi mmoja alimtumia vibaya. Unayebuni kuhani wako sasa hivi, mpe mungu kauli bila kumpa msimamizi fimbo. Kisha kanuni yako ijaribu kwenye meza ya watu wasiokupenda.