RAMADHANI, SIKU YA 12: Usiwe "fulani" wa mwenzako



Ndugu zangu waumini wa Nachingwea na Ruangwa, pamoja na watoto wetu mlioko Dar na kwingineko mnaosoma baada ya daku, Allah azitakabali funga zetu.

Kila Ramadhani tunawahimiza vijana wapunguze mitandao. Alhamdulillah, wapo waliosikia. Huyu kafuta TikTok, yule kafunga akaunti ya Instagram, mwingine kajitoa kwenye magrupu yote kabaki na kitochi cha kupiga na kupokea. Hao wameshaamua. Neno la leo linatuhusu sisi tuliobaki mtandaoni, ambao kila siku tunawavuta warudi.

Tunawavuta vipi? Kwa maneno madogo madogo. "Umekuwa shekhe siku hizi?" "Acha ushamba, mtu gani hana status?" "Kajitoa grupu la darasa, anajiona." Tunamrudisha kwenye grupu bila kumuuliza, akitoka tunamrudisha tena. Kijiweni tunamwekea simu usoni: "Cheki hii klipu moja tu." Binti naye anaambiwa na mashoga zake kwamba asipoposti nguo ya Idd, ni kama hakushona.

Mtu aliyefunga hatumsogezei kikombe cha uji puani saa nane mchana tukamwambia aonje kidogo. Tutaona haya. Basi huyu aliyefunga jicho lake na sikio lake, mbona hatuoni haya kumharibia?

Tena hujui alikimbia nini. Huenda alikuwa anakesha na picha za haramu mpaka Alfajiri inampita. Huenda alikuwa anabeti hela ya palizi. Huenda ndoa yake ilikuwa inayumba kwa sababu ya meseji za usiku. Hakukwambia, na wala halazimiki kukwambia, kwa sababu ni aibu ambayo Allah amemsitiri. Wewe unaona unafanya utani wa kawaida, kumbe unamsukuma arudi kwenye shimo alilotoka kwa kutambaa.

Katika Suratul Furqaan, aya ya 27 mpaka 29, Allah anatueleza habari ya dhalimu atakayejiuma mikono Siku ya Kiyama, akijuta kwamba alimfanya fulani kuwa rafiki, na rafiki huyo akampoteza baada ya kuwa ukumbusho umeshamfikia. Wafasiri wametaja kisa cha Uqba bin Abi Mu'ayt wa Makka. Alikuwa akikaa na Mtume (s.a.w.) na kumsikiliza. Rafiki yake, Ubayy bin Khalaf, aliposikia alimjia juu na kumwekea sharti: urafiki wetu umekwisha mpaka uende ukamfanyie Muhammad uovu hadharani. Uqba akachagua kumridhisha rafiki. Alikufa baada ya vita vya Badr akiwa bado upande ule ule aliouchagua kwa ajili ya rafiki yake.

Angalia jambo moja. Aya haikumtaja rafiki kwa jina. Imesema "fulani". Jina limeachwa wazi ili kila mmoja wetu ajiulize: isije ikawa siku hiyo kuna mtu anajiuma mikono, na fulani anayemjutia ni mimi?

Na katika Suratul Muddaththir, watu wa motoni wanapoulizwa kilichowaingiza humo, wanataja kuacha Sala na kutomlisha masikini, kisha wanataja kwamba walikuwa wakijitosa kwenye upuuzi pamoja na wanaojitosa. Yaani walifuata mkumbo.

Sasa kuna wanaosema: "Shekhe, lakini mtu asiyekuwa kwenye grupu la ukoo anakata udugu. Msiba ukitokea atajuaje? Mchango ataupataje?" Hoja hii ina uzito, tusiipuuze. Kuunga udugu ni amri. Lakini amri hiyo haikuja na sharti la bando. Shangazi yuko Mnacho au Naipanga, hajaonwa tangu Idd iliyopita, halafu sote tunaona tumemuunga kwa sababu tunatumiana maua ya "Ijumaa Kareem". Aliyetoka kwenye grupu akaenda kumpalilia shangazi yake nusu heka, nani hapo ameunga udugu?

Mei 2024 tulionja yote mawili. Mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kutoka Dar kuja Lindi pale Somanga, na siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za intaneti za chini ya bahari zikapata hitilafu, mtandao ukasuasua nchi nzima. Misiba ilizikwa. Ndoa zilifungwa. Watu walipigiana simu za kawaida na jirani akamwambia jirani. Basi msiba ukitokea leo, mpigie aliyejitoa. Dakika moja inatosha.

Na wewe uliyejitoa, una wajibu wako. Usitoke kimya watu wakadhani una kinyongo. Waambie wazazi na jamaa: "Nipo, nipigieni." Mchango wako ulete bila kudaiwa. Kama bei za mnada wa RUNALI ulikuwa unazipata kwenye grupu, kaulize ofisi ya chama chako cha msingi. Usiwadharau waliobaki wala usijione umefika, maana kiburi nacho kinakula funga. Wakikucheka, Mtume (s.a.w.) ametufundisha jibu la mtu anayechokozwa akiwa na funga: aseme kwamba yeye amefunga. Huna haja ya kujieleza zaidi ya hapo.

Utauliza, mbona na sisi tunakutumia darsa kwa simu? Ni kweli. Hatujasema simu ni haramu, na wapo wanaonufaika nayo kwa kazi na elimu. Ila ukiona darsa hili ndilo linalokurudisha kule ulikokimbia, lifute na hili. Darsa hili tunalisoma pia msikitini baada ya Alasiri, njoo ulisikie. Kukaa kwenye chaneli yetu si sharti la kuwa katika jamaa yetu.

Kazi ya leo kabla ya futari:

1. Mkumbuke mtu mmoja uliyemcheka au kumlazimisha arudi mtandaoni. Mpigie, umwombe radhi.
2. Wewe admini wa grupu, aliyetoka mwenyewe usimrudishe bila idhini yake.
3. Mwalike futari mmoja kati ya waliojitoa, mle pamoja, simu zikae mbali na mkeka.

Ewe Allah, wathibitishe ndugu zetu walioacha kitu kwa ajili Yako, wape badala iliyo bora. Usitujaalie kuwa sababu ya majuto ya yeyote Siku ya Kiyama. Utukutanishe na marafiki wanaotukumbusha tukisahau. Aamiin.

Tukutane kesho inshaAllah. Wabillahi tawfiiq.