Mchana Ndio wa Kuambiana

Maandiko: Mathayo 25:1-13, 2 Wafalme 7:3-9



Wapendwa, leo naanza kwa kuungama. Stima ilipopotea usiku kucha hapa Watamu wiki jana, haikuwa ajali. Tulikuwa tumeambiwa siku tatu mbele: kuanzia saa kumi na mbili jioni Alhamisi mpaka saa kumi na mbili asubuhi Ijumaa, mafundi wabadilishe nguzo na nyaya. Sisi wa pwani tunajua hewa ya chumvi inavyokula vyuma. Kazi ilikuwa ya lazima na tangazo lilikuwa wazi. Mimi meseji niliipata Jumatatu.

Nikafanya nini? Nikajipanga. Nikanunua mishumaa, nikachaji simu na tochi. Mke wangu akajaza ndoo na mitungi, maana pampu haivuti maji bila stima. Usiku ulipofika tulikosa feni tu, na joto la kaskazi mnalijua. Tukatandika mkeka barazani, tukaomba, tukalala. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa hekima.

Asubuhi nikasikia kilio nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni mama yetu mmoja wa hapa kanisani, mama karanga. Jioni hununua samaki kwa wavuvi, huwaweka kwenye friza, kesho yake huwakaanga na kuwauza. Alhamisi alinunua kama kawaida, kwa pesa za mkopo wa chama. Friza ilikuwa tupu. Akawatia samaki saa kumi na moja na nusu, saa kumi na mbili stima ikapotea. Akasema itarudi, si hurudi? Akalala.

Ndugu zangu, friza iliyojaa vitu vilivyoganda, ukiifunga na usiifungue, hushika baridi siku nzima na zaidi. Lakini friza tupu uliyotia samaki wabichi dakika thelathini kabla, hiyo ni sanduku tu. Asubuhi alipofungua kifuniko, harufu ilimjibu.

Nikamwambia, "Pole sana mama. Lakini si ilitangazwa?"

Akaniangalia. Simu yake ni mulika mwizi, makundi ya wasapu hayamo. Akaniuliza polepole, "Pasta, kwani wewe ulikuwa unajua?"

Nilikosa jibu. Angeambiwa tu, angewakaanga samaki wote jioni ile ile, au asingenunua kabisa. Siku tatu nilipita mbele ya mlango wake. Nikamsalimia, akaniitikia, na habari yake nimeibeba mfukoni.

Sasa twende kwenye Mathayo 25. Wanawali walikuwa kumi. Wote walikuwa na taa, wote walijua bwana arusi anakuja, na wote kumi walisinzia. Tofauti yao ilikuwa moja: watano walibeba akiba ya mafuta. Kelele ilipopigwa usiku wa manane, wale watano wengine wakaomba wagawiwe. Haikuwezekana. Wakaambiwa waende kwa wauzaji, na waliporudi mlango ulikuwa umefungwa.

Somo hili tumelihubiri mara nyingi: beba mafuta yako mwenyewe. Ni kweli. Wokovu haukopeshwi. Imani ya mama yako haitakuingiza wewe. Kuna mtu ananielewa?

Lakini tangu Ijumaa ile Roho ananionyesha upande mwingine. Usiku wa manane mafuta hayagawiki. Ila mchana, maduka yakiwa wazi, kuna kitu kinagawika bila kupungua: habari. Biblia haituambii kama kuna aliyemuuliza mwenzake mchana, "Dada, umebeba akiba?" Mimi najua tu kwamba mtaani kwangu hakuna aliyeuliza. Nilikuwa mwerevu wa nyumba moja.

Tazameni wale wakoma wanne wa 2 Wafalme 7. Samaria kuna njaa. Wao wameingia kambi ya Washami wakaikuta haina mtu. Wakala, wakanywa, wakaficha fedha na dhahabu. Halafu dhamiri ikawashika. Wakaambiana kwamba hawafanyi vyema, maana siku ile ni ya habari njema nao wamenyamaza, na wakingoja mpaka asubuhi hatia itawapata. Wakaenda usiku ule ule wakamwita bawabu. Watu waliotengwa na mji ndio waliouokoa mji, kwa sababu walikataa kushiba kimya kimya.

Mwambie jirani yako: usishibe kimya kimya!

Kanisa, sisi tumepata tangazo kubwa kuliko la stima. Yesu anarudi, na saa hatukupewa. Tumejipanga, tunaimba, tunafunga na kuomba. Na jirani wa nyumba ya tatu je? Mimi na mke wangu tulisaidia kurudisha mtaji wa yule mama. Pesa hurudi. Siku ile mlango ukifungwa, mtu akikuuliza, "Kwani wewe ulikuwa unajua?" utamrudishia nini?

Sasa tuanze na hili dogo. Alhamisi hii stima itapotea tena, saa zile zile. Kila aliyepata tangazo ampelekee mmoja ambaye hajalipata, kwa miguu na kwa mdomo, kabla ya Jumatano jioni. Tuanze na wazee, wajane na wanaouza vitu vya baridi. Mwenye dawa ya sukari kwenye friji aulize hospitali mapema aihifadhi vipi. Mshumaa uwe mbali na chandarua. Jiko la makaa lisilale ndani mkiwa mmefunga madirisha; moshi wake usioonekana wala kunuka unaua watu usingizini. Ukimaliza kumsaidia kujaza ndoo, mwambie pia habari za Yesu. Usiache moja ukafanya nyingine.

Tuombe: Bwana, nisamehe siku tatu nilizopita mbele ya mlango nikiwa nimenyamaza. Nipe mafuta ya kunitosha, na unipe mdomo kungali mchana. Katika jina la Yesu, Amina.

Swali la vikundi vya nyumbani: Ni nani anayeishi karibu nawe ambaye matangazo huwa hayamfikii? Taja jina lake, kisha mpange siku ya kumtembelea.