Kahawa ni Halali; na Kinachobaki Je?

Ndugu mmoja katika darasa letu aliuliza suala ambalo kwanza lilituchekesha, kisha likatunyamazisha. Alisema: "Sheikh, kahawa ni halali. Basi mabaki yake yakifika ziwani yakawadhuru samaki wachanga, je, mnywaji ana makosa?"

Suala hili si la mzaha. Mwaka 1511 kahawa ilipigwa marufuku Makka, na wanavyuoni wakabishana juu yake muda mrefu. Walilobishania ni lile limpatalo mnywaji: je, yalevya au hailevyi? Mwisho ilikubaliwa, na leo sisi watu wa mwambao hatujui baraza bila ya dele la kahawa. Lakini hapana aliyeuliza khabari ya kahawa baada ya kumtoka mnywaji.

Ilimu ya leo yatujuza kwamba ndani ya kahawa, chai, na baadhi ya vidonge vya kichwa mna kitu kiitwacho kafeini, nacho ndicho kiondoacho usingizi. Mwili huivunja iliyo nyingi, na chembe ndogo hutoka katika mkojo kama ilivyoingia. Chembe hiyo ya mtu mmoja si kitu. Lakini uchunguzi wa mito 258 katika nchi 104, uliotangazwa mwaka 2022, uliikuta kafeini katika zaidi ya nusu ya mahali palipopimwa. Na kabla ya hapo, mwaka 2016, yalitangazwa mabaki ya madawa yaliyokutwa katika maji ya Nairobi na Kisumu.

Sasa mtazame ngege wa Ziwa Viktoria. Jike huyabeba mayai yake kinywani mpaka yaanguliwe, na watoto hurudi kinywani humo waonapo khatari. Lakini maji ayavutayo kwa kupumua ndiyo yapitayo juu ya mayai. Kinywa kimzuiacho adui hakikizuii kilichoyeyuka.

Maabarani, samaki wachanga waliotiwa katika maji yenye kafeini nyingi walibadilika mapigo ya moyo na mwendo wa kuogelea. Kipimo hicho ni kikubwa kuliko cha kawaida ya mito na maziwa, na haki yatutaka tuseme hivyo, kwani hatutaki kuwatisha watu kwa uwongo. Hata hivyo, samaki hakutani na kafeini peke yake. Hukutana nayo pamoja na madawa, sabuni na kinyesi. Tena kafeini ni shahidi: mitambo mizuri ya kusafishia maji machafu huiondoa sehemu kubwa, basi ionekanapo kwa wingi ni dalili kwamba uchafu wa watu waingia majini bila ya kusafishwa.

Jawabu letu ni hili. Mnywaji hana makosa kwa kunywa. Makosa huanza ajuapo njia ya uchafu wake akanyamaza. Huenda akasema, "Tone langu halimwui samaki." Ni kweli, lakini mji mzima ukisema hivyo, samaki atakufa na muuaji hatapatikana. Dhara haliwi halali kwa kugawanywa. Wanavyuoni wetu walikataza kukojoa katika maji yaliyosimama. Hawakungoja yaharibike kwanza. Na Ghuba ya Winam, iliyo mbele ya Kisumu, mlango wake ni mwembamba, wala maji yake hayabadiliki upesi.

Kisumu ina mahali pa kusafishia maji machafu, Kisat na Nyalenda, lakini nyumba nyingi hutegemea vyoo vya shimo. Basi yampasa mwenye nyumba achimbe choo mbali na kisima na mto. Mwenye gari la kunyonya vyoo asimwage mtoni usiku. Na mpiga kura aulize khabari ya mabomba ya maji machafu kama aulizavyo khabari ya barabara. Nasi wa Mombasa na Lamu tusijione tumeepukana, kwani mikoko yetu nayo ni malezi ya samaki.

Tunywe kahawa yetu, lakini tusiondoke barazani bila ya kuuliza maji yetu yaenda wapi.

Wabillahi ttawfiq.