Mwarobaini wa Baba

Marehemu baba aliupanda mwarobaini nyuma ya jiko letu hapa Kinondo mwaka niliozaliwa. Sababu iko kwenye jina: maradhi arobaini. Nilipopata tetekuwanga nilikogeshwa kwa maji ya majani yake, na majirani walizoea kubisha hodi alfajiri: "Dada, naomba majani, mtoto hakulala kwa homa." Madrasani tulifunzwa kwamba mti unaowafaa watu humfuata aliyeupanda kwa thawabu hata kaburini. Kila nikilikumbuka funzo hilo, naona mti huu.

Baadaye chini yake palishika kichaka. Matunda yakiiva manjano, popo na ndege hula nyama yake tamu na kokwa huzitupa waendako. Ukikata mche kwa panga, kisiki huchipua vijiti vitano. Ukijeruhi mzizi, nao huotesha wake. Mpera wangu ulikosa jua, haukuzaa. Nikapita ukingoni mwa kaya, msitu wetu mtakatifu, nikaiona miche ileile imesimama, majani yake kama misumeno midogo.

Hapo nilikosa usingizi. Katika Kaya Kinondo hakitoki hata kijiti, na mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia. Mwaka 2008 UNESCO iliitia kaya hii, pamoja na nyingine za Mijikenda, katika Urithi wa Dunia. Wazee wamelinda kitu kisitoke, kumbe mimi jirani yao naingiza.

Wapo wanaoulaumu mwarobaini kwa kuwa ulitoka Bara Hindi. Mimi siwaungi mkono. Mwembe asili yake ni hukohuko. Mkorosho na muhogo vilivuka bahari kutoka Brazili, na leo Kwale tunakula na kusomesha watoto kwavyo. Ugeni hauna dhambi. Ninachokichukia ni kumziba jirani jua na kumnywea maji, na hata hilo mti haulifanyi kwa nia. Wenyewe unamtii Muumba kwa kuzaa. Aliyepewa akili na panga ni mimi, na atakayeulizwa ni mimi.

Nilimwendea ustadhi. "Nikiukata, si nitakuwa nimekata thawabu za mzee?"

Alikaa kimya kitambo. "Mzee wako ana malipo ya nia yake. Wewe utaulizwa juu ya unalolijua."

Baba alijua homa za watoto. Mimi nimeiona miche ukingoni mwa kaya.

Nimeukata. Wapwa wangu wawili walichimba kisiki na mizizi siku mbili, tukiifuata hadi kwenye ua. Mwenye kutaka majani hatayakosa. Miarobaini imejaa njia nzima kutoka Ukunda hadi Msambweni. Pale pale nimefukia mbegu ya mbambakofi, nyeusi yenye kofia nyekundu, niliyoinunua kitaluni kwa kuwa ya kayani haiokotwi. Kivuli chake sitakipata mimi. Nimeipanda kwa nia ya baba.