Upanga na Fimbo ya Enzi

Katika enzi ya Mfalme James wa Sita wa Uskoti, tangu mwaka 1601 hadi 1604, ilipigwa chapa sarafu ya dhahabu yenye ngao ya kifalme upande mmoja. Upande wa pili ulichorwa upanga na fimbo ya enzi vilivyopishana, taji juu yake, na kila ubavuni ua la mbigili, nembo ya nchi hiyo. Maneno ya Kilatini yaliyozunguka alama hizo, yenye asili yake kwa Cicero wa Roma, yalitangaza kwamba usalama wa watu ni sheria ipitayo sheria zote. Upanga huadhibu na fimbo huongoza. Neno hilo liliviweka vyote viwili katika utumishi wa raia.

Je, mtawala hufungwa na neno alilolipiga chapa mwenyewe? Mwaka 1598 mfalme huyo huyo alitoa kitabu kilichodai kwamba mfalme yu juu ya sheria, na akiitii huitii kwa hiari yake. Mtetezi wake aweza kusema kuwa kitabu na sarafu havipingani, kwa kuwa mfalme ndiye mwamuzi wa usalama wa watu. Jibu hilo ni jepesi mno. Mchungaji apimaye peke yake uchungaji wake hawezi kuonekana na kosa, hata zizi likibaki tupu.

Sarafu nyingine, ya fedha, ilikuwa imesema kwa ukali zaidi. Ilianza kupigwa mwaka 1567, baada ya Mary, mama yake, kulazimishwa kuacha kiti, naye James ni mtoto wa mwaka mmoja. Ilikuwa na upanga wenye taji nchani, na maneno yaliyomfanya mfalme aseme kuwa upanga huo ni wa kumtetea, lakini akistahili, umgeukie yeye. Mtoto hakuyachagua maneno hayo. Waliomwondoa mama yake walisema kwa kinywa chake. Mwaka 1584 bunge lilivilaani vitabu vya mwalimu wake, George Buchanan, aliyefundisha kwamba mfalme mwovu aweza kuondolewa. Upanga uliporudi juu ya dhahabu mwaka 1601, lile sharti la “akistahili” halikuwamo tena.

Tena dhahabu hiyo ilikuwa na thamani ya pauni 6 za Kiskoti, na maskini walishika vipande vya shaba iliyotiwa fedha kidogo. Usalama wao uliandikwa kwa lugha wasiyoisoma, juu ya madini yasiyofika mikononi mwao.

Hata hivyo, si haki kuliita neno hilo uongo mtupu. Lililopigwa chapa halirudi kinywani, na aliyelisema hachagui atakayelisoma. Mwaka 1649 Charles, mwana wa James, alikatwa kichwa London. Waliomshitaki walisema kwamba alikabidhiwa madaraka yenye mipaka, kwa manufaa ya watu.