Mgeni wa Siku Moja

Je, mtu ana haki gani ya kusema kuwa aujua mji aliokaa ndani yake tangu asubuhi mpaka jioni? Wazee wetu walilijibu swali hili kwa maneno machache: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huifahamu methali hii kama onyo kwa mgeni asiyeona haya kukaa bure. Mimi naiona pia kuwa ni kipimo cha maarifa. Kabla ya kushika jembe, mgeni huona nyumba lakini haoni kazi iliyoijenga. Hula chakula lakini hajui jasho lililokileta.

Nilijifunza jambo hili mbali na kwetu, katika nchi ya Norwei. Siku moja ya Juni niliondoka Alta kwa gari kwenda Hammerfest, mji wa pwani ulio kaskazini ya digrii 70. Safari yenyewe ni ya kilomita 140 hivi. Barabara hupanda uwanda wa Sennalandet, hushuka pwani, huvuka mlangobahari juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 1977, kisha hufuata ukingo wa kisiwa cha Kvaløya mpaka mjini.

Sisi Waswahili huhesabu saa kwa jua: likichomoza twaanza, likitua twaanza tena. Hammerfest, tangu katikati ya Mei hata karibu na mwisho wa Julai, jua halitui. Na wakati wa baridi hukaa karibu miezi miwili bila ya kuchomoza. Basi aendaye huko siku moja ya kiangazi hakuona hata usiku wa mji ule, sembuse baridi yake, ambayo ndiyo impambanuayo mwenyeji na mpita njia.

Nilipotembea mitaani niliona nyumba safi, zimepangwa vizuri, lakini sikuona hata moja yenye dalili ya uzee. Nikasema moyoni: Huu ni mji usio na mambo ya kale. Hukumu hiyo haikudumu. Katika jumba la makumbusho nilifahamu kuwa Hammerfest ilipata hadhi ya mji mwaka 1789. Kuwa moto uliiharibu mwaka 1890, na mwaka uliofuata ikawa miongoni mwa miji ya kwanza ya Ulaya ya Kaskazini kuwasha taa za umeme mitaani. Tena mwaka 1944 majeshi ya Ujerumani, yakirudi nyuma vitani, yaliwaamuru wenyeji wahame, yakauteketeza mji. Mapema mwaka 1945 lilikuwa limesalia jengo moja tu, kanisa dogo la makaburini. Katika jimbo lile watu wengine walijificha mapangoni wakati wa baridi, wasikubali kuiacha nchi yao. Vita vilipokwisha watu walirudi, wakajenga.

Basi nilichokidhania kuwa upungufu kilikuwa kovu. Upya wa nyumba zile ndio uliokuwa ushahidi wa mambo ya kale, nami niliutumia kuyakana. Kosa langu halikumwumiza mtu, kwa kuwa lilibaki moyoni. Lakini ningaliliandika, lingalikuwa dhuluma.

Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki twajua uzito wa dhuluma hiyo. Wasafiri waliotia nanga bandarini kwetu kwa siku chache waliandika vitabu, na watu wasiopata kutuona walitujua kwa vitabu hivyo. Twalalamika kwa haki. Lakini aliyepata kuonewa kwa kauli ya haraka ana wajibu mkubwa zaidi wa kutomwonea mwingine.

Je, asiye na nafasi ya kukaa asisafiri? Sisemi hivyo. Mtu aweza kuzaliwa katika mji, akazeeka ndani yake, asiulize hata mara moja nani aliyeujenga. Wingi wa siku peke yake si elimu, wala uchache wake si hatia. Hatia ni kuuchukua ujinga na kuuvika joho la hakimu.

Nilirudi Alta saa sita ya usiku, jua likiwa bado angani. Mgeni wa siku moja hapewi jembe na mtu. Basi na ajipe mwenyewe jembe la kuuliza, alime kabla ya kuvuna hukumu.